Formasio ya mashofere huko komini ya Kenya, Lubumbashi: ningelipa tena, ila si kwa yote

Bei kwanza, kwa kuwa ndilo swali la kila mtu: dola 40 kwa shofere mmoja kwa Jumamosi nne za mafunzo, na mwenye motoka anayetaka kukaa nyuma asikilize analipa dola 15. Franka wanapokea, lakini kwa kiwango cha wabadilishaji wa sokoni. Mahali ni chumba cha ghorofani, juu ya duka la vipuri, komini ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), upande wa kuelekea Katuba. Ngazi ni za chuma na nyembamba, kwa hiyo mama mwenye magoti kama yangu apande polepole. Jina la shule silitaji, maana kuna mahali nitawasifu na kuna mahali nitawasema, na Lubumbashi ni kubwa kwenye ramani tu.

Hii si formasio ya anayeanza. Anayeanza atatupa pesa zake. Hii ni ya watu walio barabarani miaka mingi, ambao watu wa roulage, polisi wa barabarani, wanawajua kwa sura na kwa jina la utani: wanaobananisha abiria wanne kwenye kiti cha watatu, wanaopita kandokando ya lami foleni ikijaa, wanaosimama katikati ya njia kwa ajili ya abiria mmoja mwenye mfuko wa makaa. Tangazo lao ukutani liliuliza: shofere anayekamatwa kila wiki, sheria itamfikisha wapi? Shule nyingine za mjini zinakuuzia permi, leseni ya kuendesha, haraka haraka, hawakuulizi jambo kama hilo. Ndiyo sababu nililipa.

Nina Hiace tatu, mbili za Kenya kwenda Ville, katikati ya mji, na moja ya Rwashi. Mwenye taksibisi yeyote wa hapa anajua kwamba makosa mengi ya barabarani hayazaliwi barabarani, yanazaliwa kwenye versement. Shofere ana kiasi cha kuleta kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, mafuta yapande yasipande. Kinachozidi ndicho bukari, ugali, ya watoto wake. Basi atakimbia tu, na akikamatwa atatoa kitu kidogo pale pale kwa dirisha, "shefu, tusaidiane", kisha anaendelea. Nilichotaka kujua ni kimoja: makosa hayo yakirundikana, mwishowe yanamwangukia nani?

Jumamosi mbili za kwanza nazipita haraka. Mwalimu ni papa mmoja mstaafu wa polisi, ana sauti, ana subira, na anajua kazi. Alama za barabarani, mistari, kipaumbele cha anayetoka kulia kwako, jambo ambalo nusu ya chumba walidhani ni la vitabu tu, kwa sababu kwenye barabara zetu kipaumbele ni cha mwenye gari kubwa au mwenye honi kali. Umeme ulikatika katikati ya picha, wakawasha jenereta iliyo kwenye korido, na kuanzia hapo tulisikia nusu ya maneno.

Sehemu moja ya papa huyo ilinishika. Hiace zetu nyingi zina usukani wa kulia, zimeingia kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Watu wanaongea kila siku juu ya shofere asiyeona mbele anapotaka kulipita lori. Yeye aliongea juu ya mlango. Mlango wa kuvuta wa Hiace ya namna hiyo uko kushoto, maana yake kwetu unafungukia katikati ya barabara. Mama anashuka na mtoto mgongoni na beseni kichwani, na mguu wake wa kwanza unakanyaga pale magari yanapopita. Shofere anayesimama popote, bila kuegesha vizuri, anamshusha mtu kwenye hatari kila mara anaposimama. Motoka yangu ya Rwashi ni ya hivyo. Nilimpigia fundi simu nikiwa bado kwenye ngazi, aniambie kuhamisha mlango ni bei gani. Alitaja kiasi ambacho sikirudii hapa, lakini kazi imefanyika.

Sasa Jumamosi ya tatu, ambayo ndiyo bei yenyewe. Walimleta wakili kijana wa baraza la mawakili la hapa, suti ya buluu, viatu vyenye vumbi la Lubumbashi kama vyetu sote, na Swahili yake ni ya Katuba kabisa, hakuna kujificha nyuma ya Kifaransa. Kabla hajakaa, kijana mmoja wa mbele akamuuliza:

"Metre, mi minabakia na mapointi ngapi?"

Chumba kilicheka, lakini Metre, ndivyo tunavyomwita wakili, hakucheka. Alisema anaulizwa hivyo kila mara, kwa sababu watu wanaangalia video za Ufaransa kwenye simu na wanafikiri mambo ni yale yale. Akaeleza vizuri. Ufaransa wana permi ya pointi tangu tarehe 1 Julai 1992. Shofere mzoefu ana pointi 12, mpya anaanza na 6. Kushika simu ukiendesha kunaondoa 3, kupita taa nyekundu 4, kuendesha umelewa 6. Unaweza kulipa formasio ya siku mbili ukarudishiwa hadi 4, mara moja tu kwa mwaka. Zikifika sifuri, permi haina thamani tena na unangoja miezi sita kabla ya kupata nyingine. Hapo kila kosa dogo lina mahali linapoandikwa, na makosa yanajumlishwa bila kumngoja hakimu.

Akataja na Ubelgiji, kwa sababu karibu kila familia ya hapa ina mtu huko. Wabelgiji hawana pointi. Kwao ni hakimu ndiye anayekunyima haki ya kuendesha, na tangu 2015 anayerudia makosa makubwa ndani ya miaka 3 ananyimwa kwa miezi isiyopungua mitatu na kurudishwa kwenye mitihani: wa sheria, wa kuendesha, wa daktari, na wa saikolojia. Papa mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba huo wa mwisho wangeuleta hapa mjini kusingebaki taksi hata moja. Sikumpinga.

"Kwetu hakuna pointi, papa," Metre akamwambia yule kijana. "Kwa hiyo usihesabu zilizobaki. Hesabu karatasi."

Sheria inayotawala barabara zetu ni namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Waliokuwa na umri kuizidi walikuwa mimi, mwalimu mstaafu na papa wa nyuma. Ndani yake mna amande, yaani faini, mna kifungo, na mna uwezo wa hakimu kumwondolea mtu haki ya kuendesha. Halafu Metre akasema jambo lililowafurahisha mashofere: Kanuni ya Adhabu ya Kongo haina kifungu cha jumla kinachomwongezea adhabu mtu kwa sababu tu amerudia kosa. Urudiaji unahesabiwa pale tu sheria maalum inapousema. Watu waliangaliana, wengine wakagonga mikono. Aliwaacha wafurahi, akanywa maji, kisha akaanza kuwanyang'anya furaha hiyo polepole.

Kwanza aliuliza: ile pesa unayompa polisi kwa dirisha, umelipa nini? Kimya. Akasema, kwa sheria, hujalipa kitu. Afisa wa polisi ya mahakama, OPJ, akiona kosa lako ni la kuishia kwenye amande tu, anaweza kukuita ulipe kiasi fulani kwenye Hazina ya Serikali, na ukilipa, kesi inafungwa. Kinachofunga kesi ni risiti hiyo. Pesa ya dirishani haifungi chochote. Kosa lako liko wazi kama lilivyokuwa. Na kosa ambalo adhabu yake haizidi mwaka mmoja wa kifungo linaweza kufuatiliwa kwa mwaka mzima kabla halijapitwa na wakati. Kwa hiyo shofere anayejisifu kwamba "nimemalizana nao" hajamalizana na mtu. Ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, maana sheria ya tarehe 29 Machi 2005 juu ya rushwa haimwangalii anayepokea peke yake, anayetoa naye yumo.

Hapo kelele zilianza. Shofere mmoja wa umri, mtu wa heshima, anayefanya njia ya Kasumbalesa, akasimama: "Metre, mi naomba PV, banakatala kuandika. Banataka makuta. Nifanye namna gani?" Ukimwomba polisi hiyo PV, karatasi ya kuandika kosa, anakwambia motoka itakwenda kulala kwenye uwanja wao, na kila siku inayolala hapo ni siku ya versement iliyopotea, mbali na vitu vitakavyotoka ndani yake usiku.

Hili ndilo swali la kozi nzima, na hapa shule ilinivunja moyo. Mwalimu mstaafu aliangalia dirishani. Metre alijibu kwa uaminifu, lakini kwa ufupi mno: omba jina na kitengo, andika saa na mahali, mpigie mwenye motoka mbele ya polisi, na kama gari linachukuliwa dai karatasi inayosema limechukuliwa kwa kosa gani. Ni sawa. Lakini shofere aliye kwenye mzunguko wa magari saa kumi na mbili jioni, na abiria kumi na tano wanamtukana, anahitaji mazoezi ya jambo hilo, mtu mmoja acheze polisi, mwingine acheze shofere, wafanye mpaka limeingia mdomoni. Walikuwa na mstaafu wa polisi pale pale! Wangempa kofia acheze. Badala yake tulikunywa chai.

Baada ya chai Metre alirudi na kitu kizito zaidi, na ndipo swali langu lilipojibiwa.

Alichora Hiace ubaoni. Akasema: chukueni motoka hii, matairi yamekwisha, kontroli tekniki, ukaguzi wa gari, ilipitwa zamani, ndani wako watu ishirini na wawili, shofere ana permi ya gari dogo. Kila moja ya hayo limeshakamatwa mara nyingi na kila mara limeachiliwa kwa dirisha. Siku moja, kwenye barabara ya Kasenga, breki hazishiki na mtu wa baiskeli anakufa. Sasa hakuna shefu wa kusaidiana naye. Faili linakwenda parke, kwa waendesha mashtaka, kisha tribunali ya amani, ambayo inahukumu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 5. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 53 cha Kanuni ya Adhabu, ni miezi mitatu hadi miaka 2, pamoja na amande. Kuumiza bila kukusudia, kifungu cha 54, ni siku 8 hadi mwaka 1. Na kifungu cha 52 kinaeleza kosa lenyewe ni nini: kuleta madhara kwa kutoona mbele au kutojihadhari.

"Sasa," akasema, "kutojihadhari kunaonekana wapi?" Akaelekeza kalamu kwenye matairi, kwenye kontroli, kwenye hesabu ya abiria, kwenye permi. Yale makosa madogo yote, yaliyodhaniwa yameisha, yanarudi mahakamani yakiwa ushahidi. Hayarudi kama makosa ya zamani, yanarudi kama maelezo ya kwa nini mtu amekufa. Na panapokuwa na makosa kadhaa tofauti, hakimu wa kwetu anaweza kutoa adhabu kwa kila moja na kuzijumlisha. Kisha mtu anaomba huruma ya mahakama, kifungo kisimamishwe, arudi nyumbani. Hapo hakimu anaangalia kama aliwahi kuhukumiwa. Mwenye hukumu ya nyuma mlango huo unamfungia, na huyo ndiye anayepanda lori la kwenda Kasapa. Kasapa ya gereza, si ya chuo.

Yule kijana wa pointi alikuwa ameacha kuandika.

Metre akageuka, akaniangalia mimi na papa mwingine mwenye motoka. "Na ninyi mlio nyuma." Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, cha tangu mwaka 1888, kifungu cha 258: anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Kifungu cha 260: bwana anajibu kwa hasara iliyoletwa na mtu wake wa kazi akiwa kazini. Shofere ni mtu wangu wa kazi. Atafungwa yeye, lakini familia ya marehemu haitamdai mtu ambaye hana hata kitanda chake. Itanidai mimi. Itadai mazishi, itadai mshahara ambao marehemu angeleta, itadai ada za watoto. Kisheria shofere akisema "mama ndiye alinituma nikimbie", hilo haliniondoi, linanisogeza karibu zaidi.

Papa mwenzangu akasema ana bima. Metre akamwomba aisome siku hiyo hiyo akifika nyumbani. Bima ya gari ni ya lazima nchini, kila mtu anajua, hata kama wengi wanainunua kwa ajili ya kuionyesha barabarani tu. SONAS, kampuni ya bima ya Serikali, ilikuwa peke yake kwenye kazi hiyo mpaka Kanuni ya Bima, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ilipofungulia kampuni nyingine mlango, na sasa tunachagua kwa bei. Tunachagua kwa bei bila kusoma ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Mikataba mingi inataja hapo shofere asiye na permi ya aina ya gari analoendesha, na abiria waliozidi idadi iliyoandikwa. Kampuni inaweza kumlipa aliyeumia kisha ikamgeukia mwenye gari airudishe. Nilipofika nyumbani nilivaa miwani nikasoma wangu. Viti vilivyoandikwa na watu wanaopandishwa na mashofere wangu saa ya kurudi kazini si hesabu moja.

Kwa saa hizo za Metre, dola 15 zangu zilirudi zote, na za mashofere pia.

Nataja kitu ambacho hakikuwa kwenye programu. Mmoja wa wanafunzi alikuwa ameendesha basi la wafanyakazi kwenye kampuni moja ya machimbo upande wa Likasi. Alisimulia kwamba huko hawangoji polisi wala hakimu. Chombo ndani ya gari kinaandika mwendo, na ukipita kiwango, ofisi inajua kabla hujafika. Mara ya kwanza karatasi, mara ya pili unarudishwa darasani, mara ya tatu beji inachukuliwa na hulioni lango tena. Yeye beji yake ilichukuliwa kwa kutofunga mkanda. Mkanda tu! Na kila kampuni nyingine aliyoomba kazi ilitaka kujua kwa nini aliondoka, pamoja na karatasi ya mwenendo mwema na ya rekodi ya mahakama. Huku Katanga, mtu anayetaka kuona permi ya pointi asiende mpaka Ufaransa, aende kwenye lango la mgodi. Shule ingemlipa huyo kijana naye afundishe nusu saa, ingekuwa bora kuliko Jumamosi nzima ya nne.

Maana Jumamosi ya nne ilikuwa dhaifu. Iliitwa "safari za nje", na watu wa malori walikuwa wameilipia kwa ajili hiyo tu. Ukitoka hapa mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90 za barabara ya kitaifa namba 1, ukivuka tu unahamia kushoto, na kuanzia hapo mpaka Dar es Salaam ni kushoto moja kwa moja. Mwalimu aliyeletwa alisoma karatasi. Alitaja RTSA ya Zambia, shirika linalosimamia barabara huko chini ya sheria namba 11 ya 2002, akasema wana kamera za mwendo, akaishia hapo. Shofere anataka kujua kamera inampiga nani picha, yeye au namba ya gari, na deni linakwenda kwa nani. Aliulizwa, akasema "inategemea".

Kwa Tanzania ilibidi yule mzee wa Kasumbalesa ainuke na kufundisha mwenyewe, na alifundisha vizuri kuliko aliyelipwa. Kwamba ukishapita Tunduma, mpakani na Zambia, kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, na lori zito halizidi 80 hata barabara iwe tupu. Kwamba askari hupima mwendo na kukuonyesha, kisha anakuandikia shilingi 30,000 kwa kila kosa, na kosa halitoweki kwa sababu umeendelea na safari: deni linakaa kwenye mtandao wa polisi kwa namba ya gari, na askari wa mji unaofuata akiingiza namba yako kwenye mashine yake analiona. "Kule," akasema, "huwezi kuwa mgeni kwa kila polisi." Akakumbusha na Yellow Card ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, karatasi ya bima inayokubalika Zambia na Tanzania pia, ingawa Tanzania yenyewe si mwanachama wa COMESA. Wawili kati ya waliokuwepo walikuwa hawajui kwamba bima yao ya hapa haitoshi ng'ambo.

Mambo madogo. Karatasi zote walizogawa ni za Kifaransa cha ofisini, na mashofere wawili wangu wanasoma Swahili tu. Metre aliongea Swahili muda wote, kwa nini karatasi zisiandikwe hivyo hivyo? Nimewaambia, wakasema watafikiria. Choo ni safi. Chai ina tangawizi, mkate ni wa jana. Cheti wanachotoa mwishoni kina muhuri mkubwa wa rangi mbili, na nilisikia kijana wa mapokezi akimwambia mtu kwa simu kwamba kinaweza "kusaidia" mahali pa permi. Hakiwezi. Cheti hicho ni ushahidi kwamba umekaa darasani, na ukimpa roulage atacheka. Uongozi ungemwita huyo kijana, kwa sababu maneno yake yanawaharibia kazi nzuri ya Metre.

Kwa upande wangu matokeo ni haya. Kwenye dashibodi ya kila Hiace kuna daftari, na kila shofere akikamatwa anaandika siku, mahali, kosa, na kama alipata karatasi. Amande yenye risiti ya benki naibeba mimi ikiwa kosa limetokana na motoka, kama taa au tairi, na anaibeba yeye ikiwa limetokana na mguu wake. Pesa ya dirishani haikatwi kwenye versement tena, atajua mwenyewe alivyoitoa. Nimepunguza versement ya siku za mvua. Shofere mmoja alikataa daftari, akasema anafanywa mtoto wa shule, akaniachia funguo mezani. Sasa anaendesha motoka ya mtu mwingine kwenye njia ile ile, na kila tukikutana ananisalimia kwa honi. Aliyebaki Rwashi, ambaye mwanzoni alilalamika kuliko wote, juzi alinipigia simu akiwa kwenye mzunguko, simu ikiwa wazi ili polisi anisikie, akasema kwa sauti ya kanisani: "Mama, shefu eko hapa, anaandika PV, ngoja nikupatie jina yake." Shefu hakuandika PV, wala hakuchukua kitu. Sijui kama itafaulu kila siku, na siku moja huenda gari likalala kwenye uwanja wao kwa ajili ya adabu hiyo. Hesabu hiyo nimeshaifanya.

Kwa hiyo nani aende? Mwenye taksi, taksibisi au lori lolote ambalo anaendesha mtu mwingine, aende kabla ya shofere wake, na aulize kama Metre yupo, kwa sababu Jumamosi nyingine humleta mtu tofauti. Mashofere wa mjini, ndiyo, hata kwa kuwalipia. Wa Kasumbalesa na kuendelea, bado. Wangoje mpaka shule ipate mwalimu wa ng'ambo anayejibu maswali, au wamtafute mzee wa kweli wa njia hiyo wamnunulie soda. Vijana wa moto, wa pikipiki, wanakaribishwa kwa nusu bei, lakini mifano yote ni ya magari, hakuna kilichotengenezwa kwa ajili yao.

Shule inakubali kuuza Jumamosi ya tatu peke yake kwa dola 15 ukisisitiza. Mapokezi watakwambia haiwezekani, wewe panda juu umwombe mwalimu mstaafu. Njoo na mkataba wako wa bima, Metre anaupitia bure wakati wa chai kama foleni si ndefu. Na fika kabla ya saa nane: viti vyenye mgongo ni vichache, anayechelewa anakaa kwenye benchi la korido, karibu na jenereta.